Simu Mkononi, Saratani Mwilini: Msaada wa Kidijitali kwa Vijana

Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani huwahesabu wagonjwa wenye umri wa miaka 15 hadi 39 kuwa kundi la peke yake, kwa sababu saratani inapompata kijana hukatiza mambo ambayo kwa mtoto hayajaanza na kwa mzee yamekwisha kutulia, kama vile masomo, ajira ya kwanza, uchumba na matumaini ya kupata watoto. Kijana huyo akilazwa, mara nyingi huwekwa pamoja na watoto wadogo au pamoja na watu wenye umri wa wazazi wake, hata aweza kumaliza matibabu bila kukutana na mgonjwa wa rika lake. Ndipo unapohitajika msaada wa kisaikolojia na kijamii, yaani huduma inayoshughulikia hofu, huzuni, upweke na mahusiano ya mgonjwa sambamba na tiba ya mwili. Nao ukitolewa kwa simu au kompyuta huitwa msaada wa kidijitali.

Mfano uliochunguzwa kwa makini ni mchezo wa video uitwao Re-Mission, uliotolewa mwaka 2006 na shirika la Hopelab la California. Mchezaji humwongoza Roxxi, roboti mdogo mno anayesafiri ndani ya miili ya wagonjwa, akizipiga seli za saratani na kupambana na bakteria wanaovamia mwili uliodhoofishwa na dawa. Matokeo ya utafiti wake, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalihusu wagonjwa 375 wenye umri wa miaka 13 hadi 29 katika vituo 34 vya tiba nchini Marekani, Kanada na Australia, ambao baadhi yao walipewa mchezo huo na wengine mchezo wa kawaida, ili makundi hayo mawili yalinganishwe.

Kwa kuwa mgonjwa akiulizwa kama amemeza dawa aghalabu hujibu kwamba amemeza, watafiti hawakuridhika na maneno matupu: chupa za antibiotiki zilifungwa kwa vifuniko vya kielektroniki vilivyorekodi kila mara zilipofunguliwa, na waliokuwa wakimeza vidonge vya tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, walipimwa damu. Ilibainika kwamba waliocheza Re-Mission walizingatia zaidi dawa zao, waliuelewa zaidi ugonjwa wao na walijiamini zaidi katika kuukabili. Hata hivyo, msongo wa mawazo na ubora wa maisha, kwa jinsi wagonjwa wenyewe walivyoueleza, haukubadilika.

Tofauti hiyo inafundisha kwamba kuelewa ugonjwa ni jambo moja na kuubeba moyoni ni jambo jingine, na kwamba kila hitaji lina chombo chake. Baadaye Hopelab ilitengeneza Vivibot, programu ya mazungumzo iliyomwandikia kijana ujumbe mfupi na kumzoeza stadi ndogo ndogo, kama kutambua jambo jema la siku na kulishukuru. Ililengwa kwa vijana wa miaka 18 hadi 29 waliokwisha kumaliza matibabu, wakati ambapo jamaa hudhani kwamba mambo yamekwisha, ilhali hofu ya ugonjwa kurudi ndiyo kwanza inaanza. Jaribio lake la mwaka 2019 lilionyesha dalili za kupungua kwa wasiwasi, lakini lilihusu vijana 45 tu, idadi isiyotosha kuwa msingi wa hukumu ya mwisho.

Upweke nao hudai sikio la binadamu. Kwa sababu hiyo, nchini Australia mpango wa Recapture Life uliwakutanisha vijana wachache kwa video pamoja na mwanasaikolojia, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, jambo lenye maana kubwa kwa anayeishi mbali na hospitali. Programu yoyote ya aina hii, pamoja na kutunza siri za mgonjwa, inapaswa kuwa na mtu wa kumpokea: kijana akiandika usiku kwamba amechoka kuishi, ujumbe huo ufike kwa mhudumu anayeweza kumpigia simu.