Kiti cha Wanasaikolojia wa Kazi katika Baraza la Wengine

Saikolojia ya kazi na taasisi ni utanzu wa saikolojia unaochunguza mwenendo wa binadamu akiwa kazini: namna anavyochaguliwa miongoni mwa waombaji wengi, anavyofunzwa, anavyopimwa utendaji wake, anavyoongozwa, na sababu zinazomfanya ashikamane na mwajiri wake au amkimbie. Wanasaikolojia wa kazi hawana wagonjwa. Mteja wao aghalabu ni kiwanda, benki, jeshi au idara ya serikali, na kazi yao huishia katika mtihani wa ajira, mpango wa mafunzo, dodoso la kupima ari ya wafanyakazi au ushauri kwa uongozi. Nchini Marekani, ambako fani hii ina mizizi mirefu, wataalamu hao ni kundi dogo ndani ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi APA, ambacho wanachama wake wakihesabiwa pamoja na wanafunzi wanazidi 100,000, na ambacho kwa muda mrefu kimeelemea upande wa wanaotibu maradhi ya akili na kutoa ushauri nasaha. Mwanasaikolojia wa kazi anayegombea kuwawakilisha wenzake katika chama hicho anaomba, kwa hiyo, kwenda kuketi katika baraza ambalo wengi wa wajumbe wake hawafanyi kazi anayoifanya, na pengine hawajapata kuitafakari.

Chombo anachokigombea huitwa Baraza la Wawakilishi, nalo ndilo lenye mamlaka ya kutunga sera za chama. Wajumbe wake, wanaozidi 150, hutoka hasa katika makundi ya aina mbili. Aina ya kwanza ni divisheni, yaani makundi ya wanachama wanaounganishwa na fani au shauku moja, ambazo ni 54 ingawa namba zake zinafika 56, kwa sababu namba 4 na namba 11 hazina wenyewe. Wanasaikolojia wa kazi ndio Divisheni ya 14. Aina ya pili ni vyama vya majimbo, ambavyo huwaunganisha wanasaikolojia wa fani zote wanaoishi mahali pamoja. Msomaji anayejua jinsi vyama vya msingi vya ushirika vinavyopeleka wajumbe katika mkutano mkuu wa chama kikuu atautambua utaratibu huu mara moja, pamoja na ugomvi wake wa kawaida, maana kila mjumbe hufika mkutanoni akiwa na mzigo wa waliomtuma, na hapo hapo hutakiwa kuamua kwa niaba ya wote.

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. APA ilipoundwa mwaka 1892 katika Chuo Kikuu cha Clark, chini ya rais wake wa kwanza G. Stanley Hall, ilikuwa jumuiya ndogo ya wanazuoni, na waasisi wa saikolojia ya kazi walikuwa miongoni mwa vigogo wake. Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyefundisha Harvard na ambaye kitabu chake cha mwaka 1913 kuhusu saikolojia na ufanisi wa viwanda kilieleza, pamoja na mengine, jaribio la kuwachuja madereva wa tramu ili wapatikane wasiokuwa wepesi wa kusababisha ajali, alikuwa rais wa chama mwaka 1898. Walter Dill Scott, aliyeanza kwa kuandika juu ya saikolojia ya matangazo ya biashara kisha akageukia uteuzi wa wauzaji wa bidhaa na maofisa wa jeshi, alikishika cheo hicho mwaka 1919. Hata hivyo wanasaikolojia waliotumia elimu yao nje ya vyuo vikuu waliona kwamba chama hakiwajali vya kutosha, wakaunda chama chao mwaka 1937, na ni Vita vya Pili vya Dunia vilivyozirudisha pande hizo mbili mezani, hata muundo mpya wenye divisheni ukaanza kazi mwaka 1945, Divisheni ya 14 ikiwamo tangu siku ya kwanza na Bruce V. Moore akiwa rais wake.

Amani ndiyo iliyobadilisha mizani. Serikali ya Marekani, ikikabiliwa na maelfu ya askari waliorudi na majeraha ya akili, ilianza mwaka 1946 kugharimia mafunzo ya wanasaikolojia wa tiba kupitia idara yake ya wastaafu wa vita, na fani hiyo ikakua kwa kasi ambayo fani nyingine hazikuweza kuifikia. Baada ya miongo michache, chama kilichoanzishwa na watafiti kikawa kinatumia muda wake mwingi kwenye leseni za tabibu, malipo ya bima na mipaka kati ya mwanasaikolojia na daktari, mambo ambayo ni ya haki kabisa kwa yanaowahusu, lakini kwa mtu anayeshughulika na mitihani ya kuajiri zimamoto ni habari za mtaa wa pili. Wanasaikolojia wa kazi walijibu kwa kujijengea makao yao. Mwaka 1982 Divisheni ya 14 ilisajiliwa kuwa shirika linalojitegemea kisheria, likiitwa SIOP kwa kifupi, huku likibaki divisheni ya APA. Mwaka 1986 likafanya mkutano wake wa kitaaluma wa kwanza mjini Chicago, mbali na ule mkutano mkubwa wa chama. Miaka miwili baadaye, mwaka 1988, mpango wa kuipanga upya APA ili watafiti wapate uhuru zaidi uliposhindwa katika kura za wanachama, kundi la wanasayansi lilijitoa na kuunda chama kingine kinachojulikana kwa herufi APS, na SIOP ikawa na uhusiano na vyama vyote viwili.

Historia hii ndiyo inayomtesa mgombea wa leo. Mwanasaikolojia wa kazi wa kawaida hujihesabu kuwa mtu wa SIOP. Mkutano anaouhudhuria ni wa SIOP, marafiki zake wa kitaaluma wako huko, na kila mwaka ada ya APA inapodaiwa hujiuliza kama anapata chochote kwa fedha zake. Wengine hawaulizi tena, wameshaacha. Kila anayeondoka huwapunguzia nguvu waliobaki, na sababu yake imo katika utaratibu mmoja ambao wanachama wengi hawaufahamu vizuri, ingawa ni wao wenyewe wanaouendesha.

Utaratibu huo ni kura ya mgao, yaani kura inayoamua si nani ataketi barazani bali kila kundi litakuwa na viti vingapi. Kila mwanachama wa APA hupewa kura kumi, naye ana hiari ya kuzielekeza zote kwa kundi moja au kuzigawa kati ya divisheni na vyama vya majimbo. Jumla ya kura hizo ndiyo inayotumika kupima ukubwa wa uwakilishi. Kwa mtazamo wa haki ni mpango wa werevu, kwa kuwa haumlazimishi mtu mwenye mapenzi matatu kuchagua moja. Kwa wanasaikolojia wa kazi, hata hivyo, ni mpango wenye hatari, kwa sababu watu wa fani hii wana desturi ya kuwa na mapenzi matatu. Chukua mfano wa mtaalamu anayeishi Texas, anayetunga mitihani ya uteuzi na mara moja moja huishauri kampuni: anaweza kuipa Divisheni ya 14 kura nne, akaipa Divisheni ya 5 ya mbinu za utafiti na vipimo kura tatu, akaikumbuka Divisheni ya 13 ya washauri wa taasisi kwa kura mbili, na ile iliyobaki akakipa chama cha jimbo lake kwa heshima ya ujirani. Tabibu mwenye shauku na divisheni yake hutia zote kumi mahali pamoja. Wataalamu wawili, haki sawa, uzito tofauti. Na yule asiyeirudisha karatasi yake, ambaye yupo katika kila kundi, amewagawia wengine fungu lake bila kujua.

Kwa hiyo mgombea wa Divisheni ya 14 ana uchaguzi wa aina mbili mbele yake. Ule unaobeba jina lake, ambapo hupendekezwa na wenzake, huandika maelezo mafupi ya wasifu na malengo yake, kisha hungoja kura za wanachama, ni wa ustaarabu mno: hakuna mikutano ya hadhara, hakuna fedha za kampeni, na wagombea aghalabu ni watu wanaojuana tangu masomoni. Ule wa pili, usiokuwa na jina lake, ndio unaoamua divisheni itakuwa na viti vingapi vya kukalia. Ndiyo maana maelezo ya mgombea makini huwa na ombi lisilomhusu yeye, kwamba wenzake wazipe uzito kura zao kumi hata kama hawamchagui, na mgombea asiyeligusa jambo hilo anastahili kutiliwa shaka kwamba hajui anakokwenda.

Mpiga kura naye ana haki ya kuuliza kiti hicho kinaleta nini. Jibu lenye uzito zaidi linapatikana katika waraka ambao Divisheni ya 14, yaani SIOP ya leo, imekuwa ikiutoa na kuurekebisha tangu mwaka 1975, unaoeleza kanuni za kuthibitisha na kutumia taratibu za kuwachagua wafanyakazi. Kuthibitisha maana yake hapa ni kukusanya ushahidi kwamba alama ya mtihani inasema jambo la kweli kuhusu kazi inayoombwa, badala ya kuwachuja watu kwa vigezo visivyohusiana nayo. Suala hilo nchini Marekani hufika mahakamani mara kwa mara, kwa kuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi katika ajira. Mwaka 2018 toleo la tano la waraka huo lilipitishwa na Baraza la Wawakilishi kuwa sera ya APA nzima. Waraka wa divisheni ni maoni ya wataalamu wa fani moja. Waraka uliopitishwa na Baraza hubeba jina la chama kikuu cha saikolojia nchini, na tofauti hiyo wakili yeyote wa kesi ya ajira anaielewa. Bila watu wa kuueleza barazani, kwa wajumbe ambao kipimo kwao ni chombo cha kutambua ugonjwa, waraka kama huo ungebaki kabatini.

Leseni ni eneo lingine la kulinda. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake kuhusu nani anaruhusiwa kujiita mwanasaikolojia, na APA hutoa sheria ya mfano ambayo majimbo yanaweza kuifuata. Toleo lililopitishwa mwaka 2010 liliwatofautisha watoa huduma za afya na wanasaikolojia watumizi wa jumla, ambao ndani yao wamo wa kazi. Tofauti hiyo ya maneno si ndogo. Sharti la mafunzo ya vitendo lililoandikwa kwa kumfikiria tabibu, mwenye msimamizi na wagonjwa wa kuwahudumia, laweza kumfungia mlango mtaalamu ambaye hajawahi kuwa na mgonjwa hata mmoja, na anayeandika sharti hilo huenda hana nia mbaya kabisa.

Zaidi ya ulinzi huo, mjumbe hulazimika kupiga kura katika mambo makubwa yaliyo mbali na fani yake. Mwezi Agosti 2015, mjini Toronto, Baraza lilikutana wiki chache baada ya ripoti ya mwanasheria wa kujitegemea, David Hoffman, kufichua jinsi maofisa wa chama walivyoshirikiana na maofisa wa ulinzi katika kulegeza miongozo ya maadili kuhusu mahojiano ya mahabusu, nalo likapiga marufuku wanasaikolojia kushiriki katika mahojiano hayo ya usalama wa taifa, mjumbe mmoja tu akipinga. Mjumbe wa wanasaikolojia wa kazi hakutumwa na wenzake kwa ajili ya siku kama hiyo, lakini ndiye aliyekuwa na kura.

Ukiyatazama hayo yote, sifa zinazopendwa katika chaguzi za wanazuoni, yaani wingi wa machapisho na tuzo, zina msaada mdogo. Anayefaa ni mtu wa subira, anayesoma makabrasha ya ajenda usiku, anayejua kwamba kundi dogo hushinda kwa kuungana na divisheni za vipimo, za ushauri na za jeshi kuliko kwa hotuba, na ambaye yuko tayari kuhudhuria mikutano miwili kwa mwaka, wa Februari na wa Agosti, akirudi na taarifa ambayo wengi wa waliomchagua hawataisoma. Na hata aliyeshinda hapati likizo ya kuomba, kwani ifikapo majira ya vuli karatasi za mgao hupelekwa tena kwa wanachama, naye huanza upya kuwabembeleza wenzake waliokwisha kumchagua wasizitupe kura zao kumi.