Mtoto Akiuliza Darasani, Hajakosa Adabu

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza nanyi kutoka Jinja, mahali mto Nile unapoanza safari yake. Swali letu ni hili: mtoto akinyoosha mkono na kuuliza "Kwa nini?", je, amemvunjia mwalimu heshima?

Wengi wetu tulizoea mwalimu kuandika ubaoni na sisi kunakili kimya kimya. Lakini mwaka 2020 sekondari za Uganda zilianza mtaala mpya, na wanafunzi wake wa kwanza walifanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne mwaka 2024. Kazi za shuleni, kama miradi, sasa zina alama 20 katika kila 100. Asiyeshiriki anazipoteza.

Chukua mfano wa Mbale. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu wakafa. Mwalimu anaweza kusoma tu maana ya mafuriko. Au anaweza kuwauliza wanafunzi: "Kwa nini maji yalifika majumbani?" Kundi moja liwaulize wazee mto ulipita wapi zamani. Lingine likague mitaro iliyoziba. Wakirudi, waeleze na kubishana, naye mwalimu asahihishe. Heshima yake haipungui, na somo linabaki kichwani.

(Muziki mfupi.)

Mtoto mkimbizi mara nyingi ana jibu, ila Kiingereza ndicho kinachomfunga mdomo. Walimu, wapeni wanafunzi dakika tano wajadiliane kwa lugha wanayoijua, kisha mmoja aeleze kwa Kiingereza. Akikosea, asichekwe wala asipigwe. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza viboko shuleni.

Nanyi wazazi, jioni mwambieni mtoto awaeleze somo la leo kwa Kiswahili. Pale atakapokwama, hapo ndipo penye swali la kumpelekea mwalimu kesho. Mfundisheni pia namna ya kuliuliza: anyooshe mkono, angoje zamu yake, aseme, "Mwalimu, naomba kuuliza."

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Mtoto wako asirudi na swali lake nyumbani.



(Muziki wa kufunga.)