Kompyuta Zinazojitawala (4): Yeni za Harvard

Tarehe 20 Oktoba, 2025, huduma nyingi za intaneti duniani zilizimika kwa saa kadhaa. Chanzo kilikuwa kule Virginia, ndani ya mfumo wa Amazon unaojiendesha wenyewe. Programu mbili zenye kazi ya kuandika anwani za ghala la data la DynamoDB zilipishana vibaya: moja ilichelewa ikaandika mpango uliopitwa na wakati, nyingine ikauona mpango huo ni taka, ikaufuta. Anwani zikabaki tupu, na mfumo haukuweza kujinasua mpaka mafundi walipoingiza mkono.

Tangu hapo naulizwa kama tulikosea kuziachia kompyuta maamuzi. Jibu langu linaanzia 1968.

Mmeshaona katika makala zilizopita kwamba kompyuta inayojitawala hupima mambo kama mfanyabiashara: seva moja zaidi italeta faida gani, na itagharimu kiasi gani? Mwaka huo wa 1968 mwanasayansi wa kompyuta, Ivan Sutherland, alikuwa ameshaeleza soko la aina hiyo. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na kompyuta aina ya PDP-1, na waliokuwa wakiihitaji walikuwa wengi. Kugawa saa kwa mwezi kulikuwa na kasoro yake: kuna siku mashine inakaa bure, na siku nyingine watu wanaigombea.

Sutherland akaweka mnada. Kila mtumiaji alipewa posho ya fedha za kubuni zilizoitwa yeni. Unataka mashine kesho mchana? Andika dau lako kwenye karatasi ya ratiba. Mwenzako akiweka dau kubwa kuliko lako, nafasi ni yake, nawe yeni zako zinarudi. Hata ukishinda, muda wako ukipita, yeni zinakurudia uzitumie upya. Kulimbikiza hakukuwezekana. Mradi mzito ulipewa posho nono, lakini mwenye yeni chache aliyekuwa tayari kukesha aliipata mashine usiku, saa ambazo wakubwa hawakuzitaka.

Hapo ndipo ninapomheshimu mtu huyu. Bei ilifanya kazi ya kugawa, lakini posho iliamuliwa na binadamu, aliyesema wazi kazi ipi ina uzito gani. Ningependa kuona vyuo vyetu vikigawana kompyuta zao kubwa hivyo, ili mwanafunzi asiye na mfadhili naye awe na dau mkononi.

Desemba 2009 Amazon ilianza kuuza nafasi za seva zisizo na kazi kwa bei inayopanda na kushuka. Mnada ulirudi bila posho: hadi 2017 dau lilikuwa dola, na aliyehitaji seva kuliko wewe huenda hakuwa na dola. Leo seva hizo zikihitajika kwingine, unapewa dakika 2 tu kuondoka.

Juma lijalo tutaingia maabara ya Xerox PARC, tuone mfumo wa Spawn wa 1992, ambamo programu zenyewe ziliweka dau bila binadamu kushika kalamu.