Tairi Mpya, Je, Lazima Alaimenti?

Ukinunua tairi nne mpya hapa Mombasa, hata hujamaliza kuhesabu pesa fundi ashakuuliza: "Bosi, tufanye na alaimenti?" Ukisema la, anakutazama kama mtu asiyelipenda gari lake. Baadhi ya wasomaji wameniuliza kama ni lazima kweli ama ni njia ya kutuchuna tu. Jibu langu: si lazima, lakini usikatae kabla ya kuzikagua tairi kuukuu.

Kuvua tairi kwenye rimu na kuvisha nyingine hakugusi alaimenti hata kidogo. Alaimenti ni namna magurudumu yanavyosimama na yanavyoelekea, na hilo linashikwa na vyuma vya chini ya gari, pamoja na bushi na viungo vya usukani. Kinachoiharibu ni mashimo, matuta unayoyarukia usiku bila kuyaona, kugonga ukingo wa barabara, au viungo vilivyolika kwa umri. Gari lililokuwa sawa jana na tairi kuukuu, leo litakuwa sawa na tairi mpya.

Kitu usichopaswa kukiruka tairi mpya inapofungwa ni balansi, na hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo. Balansi ni kusawazisha uzito wa gurudumu kwa vile vipande vidogo vya chuma vinavyobandikwa kwenye rimu. Ikikosekana, usukani hutetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa. Alaimenti mbovu huja kwa sura nyingine: gari huvuta upande mmoja, au usukani hukaa kombo na hali gari linakwenda moja kwa moja.

Sasa hizo tairi kuukuu. Kabla fundi hajazitupa nyuma ya gereji, mwambie azilaze chini uzitazame. Iliyolika kando zote mbili ilikuwa ikienda na upepo mdogo. Iliyolika katikati ilizidishwa upepo. Hapo alaimenti haitibu kitu, nunua kipima upepo. Lakini iliyolika upande mmoja tu, au ukipitisha kiganja unahisi meno kama ya msumeno, hiyo karibu kila mara ni alaimenti au kiungo kilicholegea. Tazama hasa upande wa ndani, maana ukisimama kando ya gari huuoni. Tairi hung'aa kwa nje, ndani nyuzi zishatokeza, na mtu anapakia watoto kwenda Malindi kwa mwendo wa kasi. Wallahi hilo ndilo linalonitisha kuliko pesa.

Ukiona dalili hizo na ufunge tairi mpya bila kurekebisha, nazo zitaliwa vile vile, na bei ya alaimenti ni ndogo mno ukiilinganisha na tairi hata moja.

Ila fundi atikise viungo kwanza. Kupima alaimenti juu ya kiungo kilichokufa ni pesa kutupa baharini, kwa sababu vipimo havitakaa. Mwombe pia karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Mwenye mashine ya kompyuta hashindwi kukuchapishia. Kisha lijaribu gari kwenye barabara nyoofu, tambarare, na usukani ukiwa bado umekaa kombo, rudi kwake siku hiyo hiyo na risiti mkononi.