Je, Wajua? Ekzosi si ya Kuzima Kelele tu

Ukiing'oa ekzosi ya mashine kuukuu ya kukatia nyasi, ile inayochanganywa oili na petroli, usidhani umeiongezea nguvu. Huenda umeipunguzia. Injini hiyo ya mipigo miwili haina vali ya kutolea moshi, ina tundu tu ubavuni mwa silinda, na pistoni ndiyo mlango wake. Mgandamizo wa moshi ndani ya ekzosi husaidia kuizuia petroli mbichi isitoroke kabla ya kuungua.

Adui wa tundu hilo ni masizi. Oili ikiungua huacha ukoko mweusi, mgumu kama wa chungu cha kuni. Mashine huwaka, hukohoa, kisha hufa. Kabla ya kurudisha ekzosi, zungusha injini hadi pistoni izibe tundu, ukwangue ukoko huo kwa kijiti cha mbao. Bisibisi itachubua pistoni. Weka gasketi mpya, kaza boliti, washa mashine ipate moto kidogo, iache ipoe, kisha kaza boliti tena. Boliti zikilegea, mtetemo hula nyuzi zake.

Mwaka 1952, jijini Sydney, Mervyn Victor Richardson aliunda mashine ya kwanza ya kukatia nyasi ya Victa, yenye injini ya aina hiyohiyo. Tangi la petroli? Kopo tupu la pichi!

Na ekzosi iliwahi kuwa siri ya kutoroka nayo. Mwaka 1961 Ernst Degner, mwendeshaji wa pikipiki za mashindano za kampuni ya MZ, aliikimbia Ujerumani Mashariki akiwa na ujuzi wa ekzosi za mipigo miwili kichwani. Mwaka uliofuata akaipatia Suzuki ubingwa wa dunia wa pikipiki za 50cc.