Kwa nini Pasaka ya Wakatoliki haiishi siku moja

Dada mmoja ambaye mume wake ni Mkatoliki alitujia baada ya ibada akiwa na huzuni. Nyumbani kwake bado wanaimba nyimbo za Pasaka, na sisi kanisani tumekwisha kuingia katika mafundisho mengine. Mume akamwambia: "Ninyi mnajiita watu wa Pentekoste, lakini hamhesabu siku." Dada alitaka tumpe neno la kumnyamazisha mume. Neno la namna hiyo hatuna, tuna maelezo tu.

Kwa Wakatoliki, Pasaka ni siku 50, tangu Jumapili ya ufufuo mpaka Pentekoste. Hesabu hiyo hawakuibuni. Walawi 23 inawaagiza Waisraeli wahesabu siku hizo tangu mganda wa malimbuko, na neno Pentekoste kwa Kigiriki maana yake ni ya hamsini. Kwa hiyo jina letu lenyewe ni hesabu, na mume yule hakukosea.

Aleluya, ambayo waliinyamazisha wakati wote wa Kwaresima, inarudi. Mshumaa mkubwa uliowashwa usiku wa mkesha, wenye alama za Alfa na Omega na tarakimu za mwaka, unabaki mbele ya watu mpaka Pentekoste. Tena, baraza la Nikea la mwaka 325 liliagiza Wakristo waombe wakiwa wamesimama siku za Jumapili na siku hizi zote 50, wasipige magoti. (Sisi tunaopenda kuomba kifudifudi tungepata shida.)

Sasa juu ya Maandiko. Tumesikia mara nyingi, na sisi wenyewe tuliwahi kusema mimbarani, kwamba Wakatoliki hawasomi Biblia. Tulikosa. Mkesha wa Pasaka una masomo 9: saba ya Agano la Kale, kisha Warumi 6, kisha Injili. Padri anaweza kupunguza yale saba, lakini Kutoka 14, Waisraeli kuvuka Bahari ya Shamu, haiachwi kamwe. Sababu yake inaonekana usiku ule ule, kwa maana ndipo watu wazima wanabatizwa. Wanavuka maji kama Israeli, na Paulo anawaeleza kwamba wamezikwa pamoja na Kristo na kufufuka naye. Sisi tunaobatiza kwa kuzamisha mtoni tungefundisha kutoka sura hizo hizo.

Baada ya mkesha, somo la kwanza la misa halitoki tena katika Agano la Kale, linatoka katika Matendo ya Mitume. Wanakisoma kitabu hicho siku kwa siku, na Jumamosi kabla ya Pentekoste wamefika sura ya 28, Paulo akiwa Roma. Jumapili ya pili, kila mwaka, wanasoma habari za Tomaso. Angalieni Yohana 20:26: Yesu alimtokea Tomaso baada ya siku nane. Somo linaangukia siku yake yenyewe. Jumapili ya nne ni Mchungaji Mwema, Yohana 10.

Si kila kitu tunakubaliana nao. Katika juma la pili na la tatu wanasoma Yohana 6, habari ya mkate wa uzima. Wao wanasikia pale mkate wa misa unaokuwa mwili wa Bwana kweli. Sisi tunashika mstari wa 63, tunasikia mwito wa kuamini. Vilevile katika siku hizi wanamwimbia Maria afurahi kwa kuwa Mwanawe amefufuka. Sisi hatuelekezi sala kwa Maria, na dada yetu asijifanye anaomba hivyo ili kupata amani ya nyumba. Mume wake atajua.

Lakini kitabu cha Matendo ni chao na ni chetu. Tulimshauri dada amwombe mume somo la siku, walisome pamoja jioni, kila mmoja na Biblia yake. Na sisi redioni tumeona aibu kidogo: watu wa Pentekoste tunahubiri Matendo 2 mara nyingi kwa mwaka, na sura za 20 mpaka 28 karibu hatuzigusi. Kuanzia Jumatatu, katika sala ya asubuhi, tutasoma Matendo sura moja kila siku. Siku ya kwanza ni Matendo 1, mitume wakiwa bado wanangoja.