Dawa ya Mwani ni Mwani

Barua imetoka Nyali, Mombasa. Aliyeiandika ana tangi la maji ya chumvi la lita 200 sebuleni, na ndani yake mawe, matumbawe laini machache na samaki watano. Kwa miezi minne sasa mawe hayo yameota nyuzi za kijani, ndefu na laini kama nywele za mtoto. Kila Jumamosi anazing'oa kwa mswaki, na Jumamosi inayofuata anazikuta zimerudi. Amepunguza saa za taa. Amebadilisha maji. Kisha akauliza swali lililonifanya niweke kando makala niliyokuwa nimeikusudia mwezi huu: "Nimenunua vipimo vya nitrati na fosfati, na vyote viwili vinasoma sufuri. Mwani huu unakula nini?"

Amonia, bakteria na namna ya kukomaza tangi jipya nayaruka, maana yameshaelezwa mara nyingi na hayamsaidii kakangu huyu wa Nyali. Swali lake lina ufa mmoja tu, nao ndio mlango wa kuingilia.

Kipimo cha nitrati hakielezi chakula kilichopita majini. Kinaeleza kilichobaki. Mtumishi analipwa tarehe 28, akatuma karo, kodi ya nyumba na matumizi ya mama kijijini. Ukichungulia salio lake la M-Pesa tarehe 30 utakuta shilingi kumi na mbili. Ukisema mtu huyu hapati pesa, umemsoma vibaya. Zimeingia, zimetoka, na watoto wake wako darasani.

Tufanye hesabu. Chakula kikavu cha samaki aghalabu nusu yake ni protini, na katika protini naitrojeni ni kama asilimia 16. Kwa hiyo gramu moja ya chakula inaingiza tangini miligramu 80 za naitrojeni. Samaki anakila, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo anaitoa kwa matamvua ikiwa amonia, na bakteria wanaigeuza nitrati. Kwenye lita 200, gramu moja kwa siku ingepandisha nitrati kwa karibu miligramu 1.8 katika kila lita, siku kwa siku, na mwisho wa mwezi kipimo kingesoma zaidi ya 50 lau hakuna anayeichukua. Kinasoma sufuri. Basi naitrojeni yote ile iko wapi? Iko juu ya mawe, imevaa kijani. Mwani unaichukua kabla kipimo hakijaiona.

Tusiwaonee huruma bure watu wa matangi kwa kudhani baharini hakuna shida hii. Kwenye mwamba wa matumbawe mwani haukosekani, umenyolewa tu. Wanyozi ni pono, tasi, kangaja na puju, pamoja na wale viumbe weusi wa miiba mirefu wanaotuchoma nyayo maji yakipwa. Wanyozi wakiondoka, mambo huharibika. Mwaka 1983 ugonjwa ulianza kuwafyeka viumbe hao wa miiba katika bahari ya Karibi. Huko Jamaika, ambako samaki wala mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa, kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990 mwani ulipanda kutoka asilimia 4 ya mwamba hadi 92. Matumbawe, yaliyokuwa yakifunika nusu, yalibaki chini ya asilimia 5.

Kwa hiyo wauzaji wa samaki watakushauri ununue tasi. Mnunue ukipenda, ni samaki mzuri. Lakini tasi akila mwani ndani ya tangi, naitrojeni haijatoka nje ya kioo. Imepita tumboni mwake tu, na baada ya saa chache iko majini tena ikitafuta jiwe. Kinachotakiwa ni kuitoa nyumbani kabisa.

Aliyelishika jambo hili kwa upande wake wa ajabu ni Walter Adey, mtaalamu wa mwani wa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Alikuwa amefanya utafiti St. Croix, kisiwa cha Karibi, kwenye ukingo wa mwamba unaopigwa na mawimbi mchana na usiku. Maji ya pale ni maskini kwa virutubisho, na bado zulia la mwani mfupi, wa urefu wa kucha, lilikuwa linazalisha kwa kasi inayoshindana na mashamba yetu yaliyotiwa mbolea. Adey hakuuliza atauuaje mwani huo. Aliuliza ataupaje kazi. Alijenga mwamba mzima ndani ya jumba la makumbusho, na mwaka 1982 akapewa hataza ya kifaa kilichokuwa kikiyasafisha maji yake.

Kifaa chenyewe ni wavu wa plastiki uliolazwa ndani ya trei ya kina kifupi, taa kali juu yake, na ndoo inayojazwa na pampu. Ndoo ikijaa inapinduka yenyewe: chwaa! Wimbi dogo linapita juu ya wavu, linagonga ukuta, linarudi. Mwani unaota kwenye wavu. Kila wiki unaukwangua, unautupa, unaurudisha wavu mahali pake. Kwa miaka mingi nilidhani siri iko kwenye taa. Siri iko kwenye ndoo, na hapa naomba nipewe nafasi.

Kila kitu kilichomo majini kimevaa maji yasiyokwenda. Hata mkondo ukipita kwa kasi, maji yanayogusa uso wa kitu yanaung'ang'ania, nayo yanayashika yaliyo jirani, na hivyo hivyo mpaka uyafikie yale yanayokimbia. Huo ni utando tuli. Kuna pahali una unene wa milimita moja, na pahali ni sehemu ya kumi ya hapo. Chembe ya nitrati haivuki utando huo kwa kubebwa, bali kwa kutangatanga huku na huku bila mwelekeo, kama mtu aliyepotea sokoni. Na kutangatanga kuna hesabu yake: kuvuka milimita moja kunachukua takriban dakika nane, na kuvuka sehemu ya kumi ya milimita, sekunde tano. Punguza unene mara kumi, muda unapungua mara mia. Hesabu hii naijua tangu chuoni na kila nikiirudia inanisisimua.

Fikiria kanga zilizofuliwa wakati wa masika. Ukizianika ndani, dirisha limefungwa, chumba ni cha joto lakini jioni bado mbichi. Maji yametoka kwenye uzi, yameingia kwenye hewa iliyokumbatia kitambaa, na hewa hiyo imeshiba haiwezi kupokea zaidi. Fungua dirisha, upepo unaiondoa hewa iliyoshiba na kuleta yenye njaa. Sasa zitoe uani. Upepo ukivuma upande mmoja tu, kanga zote zinalalia upande huo, zinashikana, ya juu inakauka na zile za chini zinabaki na ubichi katikati. Kila mama anajua kuwa lazima arudi kuzigeuza. Lakini ukiwa ni upepo wa kubadilika, unaozipeperusha kwenda na kurudi, kila kanga inapata zamu yake ya jua na hewa mpya, pande zote mbili, bila mtu kutoka jikoni. Nyuzi za mwani ni kanga hizo, ila safari imegeuzwa: kinachovuka utando kinaingia badala ya kutoka. Mkondo wa upande mmoja unazilaza zote, moja ikaifunika nyingine. Wimbi la ndoo la kwenda na kurudi linaziinua, linazigeuza, linauchana utando tuli kila linapopita. Wakati huo huo mwani ulioko tangini, kwenye pembe za mawe ambako maji yametulia, umevaa blanketi lake nene na unangoja dakika nane kwa kila tonge. Wa kwenye wavu unakula kwa sekunde. Huo wa tangini haujatiwa sumu. Unazidiwa kwenye chakula mpaka unakonda, na tasi wako anamalizia.

Kifaa hiki tukiiteje? Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "kisuguzi cha zulia la mwani", jina la mita tatu. Wengine wamependekeza "chujio", nami nakataa kabisa: chujio linazuia kitu kwa udogo wa matundu yake, na nitrati ingepita kwenye chujio lolote la jikoni. "Kitalu" nacho ni mahali pa kuoteshea miche ya kwenda kupandwa kwingine, na huu hauhamishiwi popote. Nimechagua dodoki. Dodoki ni mmea, si mashine. Liko kama wavu, nyuzi juu ya nyuzi. Linatakata kwa kukung'utwa, na linasafisha kingine kwa kubeba uchafu lenyewe. Atakayeniambia dodoki halina mawimbi, nitamjibu kwamba bila mkono unaokwenda na kurudi halisugui chochote. Dodoki la mwani, basi.

Wanaoijua kazi hii kuliko sisi wote ni wanawake wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha Zanzibar kilianza mwaka 1989. Wao hupanda kwenye kamba na vigingi mahali maji yanapotembea, na baada ya kama wiki sita huvuna. Kila gunia linalopanda ufukweni limebeba naitrojeni ya bahari na kuitoa. Na tasi, yule yule anayesifiwa na wauza samaki, kwao ni mwizi wa shamba.

Mambo ya haraka kwa kakangu wa Nyali: mwanga wa dodoki usivuje tangini, maji yakielekea umanjano tia mkaa wa kuchujia, na matumbawe yakianza kupauka ongeza chakula. Ndoo ya kupinduka ikikushinda kutengeneza, maji yaporomoke tu juu ya wavu uliosimamishwa. Wengi hufanya hivyo, na utando tuli unachanika vizuri.

Kisha nunua mizani ya jikoni. Ukilisha gramu moja kwa siku, kwa wiki umeingiza karibu gramu 0.56 za naitrojeni. Mwani uliokamuliwa kwa mkono, sehemu yake ya kumi hivi ndiyo kavu, na katika hiyo kavu naitrojeni ni kama asilimia 4. Ukikwangua gramu 140 mbichi kila Jumamosi, umetoa ulichoingiza. Andika uzito huo kwenye daftari, kando ya uzito wa chakula, kwa wiki nane. Mswaki utakuwa umeshakauka.